Uteuzi wa Lugha ya Kuandikia Programu za Upande wa Seva kwa Mwanafunzi wa Ikola: Ulinganishi wa PHP, Python, JavaScript na Java

IKISIRI

Makala hii inalinganisha lugha nne zinazotumika kuandikia programu za tovuti za upande wa seva, yaani PHP, Python, JavaScript na Java. Lengo ni kubainisha ipi ifaayo kutangulizwa na mtu anayeishi mbali na miji mikubwa na anayekusudia kuihudumia jamii yake. Kata ya Ikola, iliyopo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika mkoani Katavi, imetumiwa kama mazingira ya kupimia. Vigezo vinne vimezingatiwa: gharama ya kuiweka programu mtandaoni, ustahimilivu wake pasipo msimamizi wa karibu, upatikanaji wa warithi wa kuiendeleza, na uwezekano wa kujifunza kwa mtandao hafifu. Makala inahitimisha kuwa swali la msingi linahusu zaidi nani ataweza kuitunza programu baada ya mwandishi wake kuondoka, na kwamba kwa kipimo hicho PHP inafaa kutangulia, ilhali maarifa ya hifadhidata yanafaa kuitangulia PHP yenyewe.

1.0 Utangulizi

Swali la lugha ipi ya kuandikia programu ijifunzwe kwanza limekuwapo tangu tovuti zilipoacha kuwa kurasa za kusomwa tu na kuwa mahali pa kufanyia kazi. Mara nyingi swali hilo hujibiwa kwa vigezo vitatu: kasi ya lugha, umaarufu wake na mishahara ya wanaoijua. Vigezo hivyo vina mashiko kwa anayetafuta ajira Dar es Salaam, Nairobi au ng’ambo. Hata hivyo, vinamwacha pembeni mwanafunzi wa aina nyingine: kijana wa kijijini anayetaka kuiwekea zahanati, shule, chama cha ushirika au mwalo wa samaki mfumo mdogo wa kumbukumbu utakaoendelea kufanya kazi hata yeye atakapokwenda masomoni au kupata ajira kwingine.

Kinachohatarishwa na uteuzi mbaya ni kumbukumbu zenyewe. Daftari la karatasi likiachwa na mwandishi wake, mwingine hulifungua na kuendelea kuandika pale lilipoishia. Programu ikiachwa na mwandishi wake, na pasiwepo anayeielewa, hugeuka kuwa yatima: hufanya kazi kwa muda, kisha husimama, na kumbukumbu zilizomo zikawa hazifikiki. Kwa hiyo, mfumo wowote unaokuja kuchukua nafasi ya daftari unapaswa kupimwa kwanza kwa sifa ambayo daftari linayo tayari, nayo ni kurithika.

Kwa ajili ya ulinganishi, makala inachukulia kazi moja ya kielelezo: mfumo wa kuhifadhi kumbukumbu za samaki wanaoshushwa mwaloni Ikola. Mfumo huo haujajengwa; umechaguliwa kwa sababu unakusanya katika kazi moja ndogo mahitaji mengi ya kawaida ya mahali kama hapo.

2.0 Dhana ya Programu ya Upande wa Seva

Mtumiaji anapofungua tovuti, kivinjari chake hupeleka ombi kwa kompyuta nyingine iitwayo seva, nayo hurudisha jibu. Programu inayopokea ombi, kusoma au kuandika katika hifadhidata na kutayarisha jibu, ndiyo inayoitwa programu ya upande wa seva. Utaratibu wa kwanza uliokubalika kwa upana, CGI, ulibuniwa mwaka 1993 katika kituo cha NCSA nchini Marekani, na kwa miaka kadhaa lugha iliyotumika zaidi nao ilikuwa Perl.

Baada ya hapo lugha ziliongezeka kwa haraka. Rasmus Lerdorf aliitangaza PHP mwaka 1995. Mwaka huohuo zilitoka Java ya kampuni ya Sun Microsystems na JavaScript ya Brendan Eich, ingawa JavaScript ilikusudiwa kivinjari na haikuenea upande wa seva hadi Ryan Dahl alipotoa Node.js mwaka 2009. Python ya Guido van Rossum ilikuwa imetolewa mwaka 1991, lakini iliimarika katika tovuti baada ya kiunzi cha Django kutolewa mwaka 2005. Zipo pia Ruby, Go na C#, ambazo zina uwezo mkubwa; hazikuchambuliwa hapa kwa kuwa katika mifumo ya umma inayojadiliwa katika makala hii hazishiki nafasi ya msingi.

Ni muhimu kutofautisha lugha na kiunzi. Lugha ni kanuni za kuandika. Kiunzi ni mkusanyiko wa msimbo ulioandikwa tayari ili mwandishi asianze kila jambo upya. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu kiunzi huweza kufa ilhali lugha ingali hai.

3.0 Ikola kama Kipimo

Ikola ni kata ya Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Makao makuu ya mkoa, Mpanda, yako bara, mbali na ziwa. Ng’ambo ya maji ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Uvuvi wa dagaa hufanywa usiku kwa taa, na wavuvi hupumzika siku kadhaa kila mwezi mbalamwezi inapokuwa kali, kwa kuwa mwanga wa taa hauwavuti samaki vya kutosha.

Umuhimu wa kumbukumbu za mwalo uliongezeka mwaka 2024, Tanzania iliposimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kufuatia makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa hilo. Hatua ya namna hiyo hugusa kipato cha kila kaya ya ufukweni. Baada ya ziwa kufunguliwa, swali la iwapo samaki wameongezeka haliwezi kujadiliwa kwa haki na wanaolivua endapo wao wenyewe hawana takwimu za kabla na za baada. Mwalo wenye kumbukumbu zake una sauti katika mjadala huo. Usio nazo husikiliza takwimu za wengine.

Kutokana na mazingira hayo, vigezo vinne vinapatikana. Kwanza, programu iweze kuwekwa kwenye seva ya kupanga kwa gharama ndogo, kwa kuwa hakuna bajeti ya kudumu. Pili, iweze kujiendesha bila mtaalamu wa kuiinua kila inapoanguka. Tatu, wawepo watu wengi kadiri iwezekanavyo, Mpanda, Sumbawanga au Kigoma, wanaoweza kuisoma na kuirekebisha. Nne, mwanafunzi aweze kujifunza kwa kupakua mambo machache mara moja, kisha aendelee bila mtandao, kwa kuwa bando la simu huisha.

4.0 Ulinganishi wa Lugha

4.1 PHP

Sifa ya PHP inayofaa zaidi mazingira haya imo katika namna inavyofanya kazi kwa kawaida. Kila ombi linapofika, msimbo huanza upya, hujibu, kisha kumbukumbu yake ya muda huachiwa. Kosa katika ombi moja huliharibu ombi hilo peke yake, na linalofuata huanza likiwa safi. Hakuna mchakato wa kudumu ambao mwandishi analazimika kuulinda usiku kucha. Kwa sababu hiyohiyo, kampuni zinazopangisha nafasi kwenye seva huweza kuwaweka wateja wengi katika kompyuta moja, na PHP hupatikana hata katika vifurushi vyao vya bei ya chini.

Kwa upande wa warithi, PHP ndiyo lugha ya WordPress, ya programu inayoendesha Wikipedia, ikiwamo ya Kiswahili, na ya Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni unaotumiwa na vyuo vikuu, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Fundi wa tovuti wa mji mdogo aghalabu huwa amewahi kuigusa. Mfano wa Afrika Mashariki ni Ushahidi, jukwaa lililozaliwa Kenya Januari 2008 kukusanya taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi. Toleo lake lililosambazwa kwa matumizi ya wengine liliandikwa kwa PHP juu ya kiunzi cha Kohana. Kohana haiendelezwi tena, na jukwaa hilo lilihamia viunzi vingine vya PHP. Hapa inabainika kuwa kiunzi kilikufa na lugha ikabaki, hivyo waliokuwa wakiijua lugha waliweza kuvuka.

Udhaifu wa PHP umo zaidi katika mafunzo yake. Mafunzo mengi ya zamani yanayozunguka kwenye diski na simu yanafundisha kazi za mysql_query, ambazo ziliondolewa katika PHP 7 iliyotoka Desemba 2015. Mwanafunzi anayezifuata hujifunza msimbo usiofanya kazi na, vibaya zaidi, mazoea yasiyo salama. Vilevile majina ya kazi za PHP hayana utaratibu mmoja, jambo linaloongeza mzigo wa kukariri.

4.2 Python

Python husomeka kwa urahisi kuliko lugha nyingine tatu, na nafasi yake katika uchambuzi wa takwimu ni kubwa. Iwapo lengo la baadaye ni kuchora mwenendo wa uvuvi wa miaka mitano, Python itahitajika. Katika ukanda huu, kiunzi cha RapidSMS kilichoendelezwa na UNICEF, ambacho kimejengwa juu ya Django, kilitumika Rwanda kufuatilia afya ya wajawazito kwa ujumbe mfupi wa simu. Mfano huo unaihusu Ikola moja kwa moja, kwa kuwa ujumbe mfupi hupita hata pale intaneti isipotosha na hutumwa kwa simu ya kawaida ya batani.

Kikwazo ni pa kuiweka. Programu ya Django kwa kawaida huendeshwa na mchakato wa kudumu unaohitaji kusanidiwa, na nafasi za bei ya chini haziupokei wote kwa wepesi. Aidha, historia ya Python ina funzo la urithi: Python 3 ilitoka Desemba 2008 bila kupatana kikamilifu na msimbo wa Python 2, na huduma kwa Python 2 ilikoma rasmi 1 Januari 2020. Programu ndogo zisizo na mwangalizi zilibaki upande usiofaa wa mto.

4.3 JavaScript

Hoja inayoitetea JavaScript ni nzito na haipaswi kupuuzwa. Mwanafunzi wa tovuti atalazimika kuijua JavaScript kwa vyovyote, kwa kuwa ndiyo lugha ya kivinjari. Katika Ikola ulazima huo unazidi: iwapo mtandao utakatika alfajiri wakati samaki wanapimwa, kivinjari ndicho kitakachozihifadhi kumbukumbu ndani ya simu hadi mtandao urudi, na kazi hiyo hufanywa kwa JavaScript. Kwa mantiki hiyo, kwa nini ajifunze lugha mbili badala ya moja?

Majibu ni mawili. La kwanza ni kwamba Node.js huendesha mchakato mmoja wa kudumu unaohudumia maombi yote. Kosa lisilodakwa huuangusha mchakato huo, na huduma nzima husimama hadi kitu kingine kiuinue. Vipo vyombo vya kuuinua, lakini navyo vinahitaji mtu wa kuvisanidi na kuvikumbuka. La pili ni utegemezi. Programu ya kawaida ya Node.js hubeba vifurushi vingi vya watu wengine. Machi 2016, kifurushi cha mistari 11 kiitwacho left-pad kilipoondolewa ghalani, ujenzi wa programu nyingi duniani ulikwama. Kwa anayenunua bando, kupakua mamia ya vifurushi hivyo kila anapoanza kazi mpya ni gharama halisi.

4.4 Java

Java ndiyo lugha ya mifumo mikubwa ya afya ya Afrika Mashariki. DHIS2, iliyoendelezwa chini ya uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na Tanzania kukusanya takwimu za vituo vya afya, imeandikwa kwa Java. Vivyo hivyo OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Hata DSpace, programu inayotumiwa na vyuo vikuu vingi kuhifadhi tasnifu, ni ya Java.

Kisa cha Eldoret kinafafanua hoja ya urithi. Kabla ya OpenMRS, kumbukumbu za eneo hilo zilianza mwaka 2001 katika kituo cha afya cha Mosoriot kwa mfumo mdogo wa Microsoft Access. Mfumo huo ulipozidiwa, programu ilibadilishwa na kumbukumbu zikahamishwa. Kilichodumu ni data, na iliweza kudumu kwa sababu ilikuwa imepangwa katika majedwali yanayoeleweka.

Java huheshimu sana msimbo wa zamani, jambo ambalo ni sifa kubwa kwa mtazamo wa makala hii. Hata hivyo, huhitaji seva yenye kumbukumbu kubwa zaidi na huchukua muda mrefu kabla ya mwanafunzi kuona ukurasa wake wa kwanza. Isitoshe, anayetaka kushirikiana na DHIS2 halazimiki kuijua Java: mfumo huo hupokea na kutoa data kwa njia ya maombi ya kawaida ya tovuti, ambayo lugha yoyote kati ya hizi inaweza kuyatuma.

Jedwali 1: Muhtasari wa ulinganishi

| Lugha | Mwenendo wa kawaida kwenye seva | Mfano katika Afrika Mashariki | Kikwazo kikuu kwa Ikola |
|---|---|---|---|
| PHP | Kila ombi huanza upya | Ushahidi, Moodle | Mafunzo yaliyopitwa na wakati |
| Python | Mchakato wa kudumu | RapidSMS (Rwanda) | Pa kuiweka kwa bei ndogo |
| JavaScript | Mchakato mmoja wa kudumu | Upande wa kivinjari wa DHIS2 | Usimamizi na wingi wa vifurushi |
| Java | Mchakato wa kudumu, mzito | DHIS2, OpenMRS | Gharama ya seva na muda wa kujifunza |

5.0 Mambo Ambayo Lugha Hayatatui

Ulinganishi wa lugha huweza kuficha ukweli kwamba ugumu mkubwa wa kazi ya mwalo hautokani na lugha. Mambo manne yanadhihirisha hilo.

La kwanza ni usiku. Safari ya uvuvi huanza jioni na kuisha asubuhi. Mfumo unaopanga kumbukumbu kwa tarehe ya kalenda utaugawa usiku mmoja katika siku mbili, na jumla zitapotoka. Kiswahili kina utaratibu wake tayari: husemwa usiku wa kuamkia siku fulani. Hifadhidata inapaswa kuwa na safu ya usiku wa uvuvi, iliyo tofauti na wakati ambao taarifa iliingizwa.

La pili ni saa. Mwandishi wa mwaloni akiandika saa 11 alfajiri, mashine inapaswa kuhifadhi 05:00. Tofauti ni saa sita daima, na Tanzania haibadilishi saa zake kwa majira. Hivyo hesabu ni rahisi, ila ni lazima ifanywe mahali pamoja katika msimbo, isitawanywe.

La tatu ni ritifaa. Majina yenye ng’, ambayo ni ya kawaida miongoni mwa Wasukuma waliohamia Katavi, yana alama inayofunga maandishi katika lugha ya hifadhidata ya SQL. Mwandishi anayeunganisha jina moja kwa moja na amri ya SQL ataona programu ikikwama kwa mvuvi wa kwanza mwenye jina la namna hiyo. Na mlango huohuo ndio wanaoutumia wenye nia mbaya kuingiza amri zao. Dawa ni amri zilizotayarishwa kabla, ambamo jina hupelekwa kando ya amri. Lugha zote nne zinazo. PHP huzipata kupitia PDO tangu toleo la 5.1.

La nne ni haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu kila anayekusanya majina na namba za simu za watu. Mfumo wa mwalo unapaswa kueleza kwa nini unachukua jina la mmiliki wa chombo, na kutochukua lisilohitajika.

6.0 Mjadala

Kwa kuzingatia vigezo vinne, PHP inashinda katika viwili vya mwanzo kwa uwazi: pa kuiweka na kujiendesha. Katika kigezo cha warithi inaongoza, ingawa pengo lake na JavaScript hupungua kadiri vijana wengi wanavyojifunza lugha hiyo ya pili. Katika kujifunza bila mtandao, PHP na Python zinakaribiana: miongozo rasmi ya zote mbili hupakuliwa nzima, na PHP ina seva yake ndogo ya majaribio tangu toleo la 5.4. Zote mbili huweza kuendeshwa hata katika simu ya Android kwa programu ya Termux, jambo lenye maana kwa asiye na kompyuta.

Inaweza kupingwa kwamba kumpeleka mwanafunzi wa Ikola kwenye PHP ni kumpa kilichochakaa wakati wenzake wa mjini wanapewa kipya. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu iwapo lugha ya kwanza ingekuwa ya mwisho. Ombi, jibu, jedwali na amri zilizotayarishwa hazibadiliki mtu anapohamia Python au Java. Anayeyashika haya kwa lugha moja huhitaji muda mfupi zaidi kwa ya pili. Kinyume chake, anayeanza na kiunzi kikubwa pasipo kuyajua hubaki mtumwa wa kiunzi hicho, na kinapokufa, kama Kohana, maarifa yake hufa nacho.

Suala jingine ni majina ndani ya msimbo. Maneno ya msingi ya lugha zote nne ni ya Kiingereza, lakini majina ya majedwali na ya vigeu huchaguliwa na mwandishi. Majedwali yanayoitwa chombo, usiku, aina_ya_samaki na ndoo humwezesha katibu wa mwalo asiyejua programu kuyasoma na kugundua kosa. Huo nao ni urithi.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala imebainisha kuwa kwa mwanafunzi wa Ikola anayekusudia kuihudumia jamii yake, lugha inafaa kuteuliwa kwa kuangalia ni nani ataishika baada yake. Kwa msingi huo, utaratibu ufuatao unapendekezwa. Kwanza, ajifunze kupanga data katika majedwali na kuandika SQL, kwa kuwa data ndiyo itakayodumu. Pili, ajifunze PHP ya toleo linaloendelea kuhudumiwa, bila kiunzi kwa kazi ya kwanza. Tatu, aongeze JavaScript ya kivinjari ili kumbukumbu zisipotee mtandao unapokatika. Nne, achague njia: Python kwa anayeelekea kwenye uchambuzi wa takwimu, Java kwa anayeelekea kwenye mifumo ya afya ya kitaifa.

Inapendekezwa pia kuwa mfumo wowote wa aina hii utoe kila mwezi nakala ya kumbukumbu zake kwenye karatasi, ikiwekwa ofisini kwa kata. Siku programu itakaposimama, na ipo siku itasimama, mwalo utabaki na kitu ambacho yeyote anayejua kusoma anaweza kukiendeleza kwa kalamu.